Garner, Guadalupe au South Llano: mto upi wa kupiga kambi na watoto huku Texas

Kila msimu wa joto ukikaribia, watu wetu walioko Houston, Dallas, Austin na San Antonio huulizana swali lile lile: mwaka huu watoto tuwapeleke mto gani? Majibu hayakawii, na karibu yote huwa ya bei, umbali na uzuri wa picha. Mimi nashauri mwanze na mtu. Mtazameni yule asiyejua kuogelea katika msafara wenu, awe mtoto wa miaka minne au mzee aliyekulia Tabora ama Kasulu ambaye hajawahi kuingia maji yaliyompita magoti, kisha mtafute mto unaomfaa yeye. Waogeleaji hodari watafurahi popote mtakapokwenda. Huyo mmoja ndiye mnayepaswa kumrudisha nyumbani salama, naye ndiye atakayeamua kama safari itakuwa ya raha au ya wasiwasi.

Ninalinganisha hifadhi tatu za jimbo la Texas, zote katika nchi ya vilima ambayo wenyeji huiita Hill Country. Garner iko Concan, kaunti ya Uvalde, kiasi cha maili 90 magharibi ya San Antonio, kwenye mto Frio. Guadalupe River iko karibu na Spring Branch, kama maili 30 kaskazini ya San Antonio, kwenye mto wenye jina hilo hilo. South Llano River iko nje kidogo ya mji mdogo wa Junction, mwendo wa saa mbili hivi kutoka San Antonio kwa barabara ya I-10. Mwishoni nitaigusa na ya nne, Pedernales Falls, kwa sababu watu wa Austin wanaipenda sana na kuna jambo inafaa walijue kabla hawajapakia gari.

Mwenye haraka achukue hili. Kama ni mara yenu ya kwanza kulala kwenye hema na mna watoto wengi, nendeni Garner, lakini msiende wikendi za Juni na Julai. Kama mnataka kwenda asubuhi na kurudi jioni, Guadalupe ndiyo ya karibu, ila ni ya watu wenye jaketi za kuokolea na mtu mzima anayejua maji. Kama mnatafuta utulivu, South Llano inazishinda zote mbili, nami ndiyo ninayoipenda zaidi.

Maji yenyewe

Mto Frio hulishwa na chemchemi zinazotoka kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana maji yake huwa baridi hata mwezi wa saba, hewa ikiwa imefika nyuzi 38. Wageni hushangazwa na ubaridi huo, lakini kwa mzazi sifa kubwa ya Frio ni uangavu wake. Mto ukiwa katika hali yake ya kawaida, ukisimama ukingoni unaona changarawe nyeupe chini, unaona samaki wadogo wakipita, na unaiona miguu ya mwanao. Anayelinda mtoto majini analinda kwa macho. Maji maangavu yanampa nafasi ya kuona tatizo lingali dogo. Maji ya tope yanamnyima nafasi hiyo.

Mto unapita ndani ya Garner kwa karibu maili tatu, chini ya misaipresi mirefu ambayo mizizi yake imeinama majini. Karibu na ukumbi wa zamani wa dansi kuna bwawa dogo. Upande wa juu wa bwawa maji ni ya kina na yametulia. Huko ndiko vijana wanakopiga mbizi na kuendesha boti za kukanyaga kwa miguu. Upande wa chini mto unatandaa juu ya mawe, na sehemu nyingi maji ni ya magotini au mapajani. Hapo chini ndipo pa asiyejua kuogelea. Juu ya ukingo wa bwawa pasiwe pa kuchezea: mwani huota pale, mguu unateleza mara moja, na anguko la kwenye jiwe linaumiza kuliko maji yenyewe.

Udhaifu wa Frio ni ukame. Mvua zikikosekana miaka miwili mitatu mfululizo, mto hunywea, tyubu, yale mapira ya duara ya kukalia na kuelea, zinakwama kwenye mawe, na ule mteremko wa kuelea ambao watu huusafiria maili mia tatu unakuwa mwendo wa kutembea huku umebeba tyubu kichwani. Kabla ya kulipia, piga simu ofisi ya hifadhi uulize maji yakoje wiki hiyo. Watumishi wa pale hulijibu swali hilo kila siku na husema ukweli.

Guadalupe ni mto wa aina nyingine. Ni mkubwa zaidi, una nguvu zaidi, na hifadhi ina maili nne za ukingo wake, na upande wa pili magenge ya mawe ya chokaa yamesimama wima kama ukuta. Kwa anayejua kuogelea ni mtamu: kuna vidimbwi vya kina, kuna sehemu za maji ya kasi ambapo tyubu inakwenda yenyewe, kuna vivuli vya kukaa mchana kutwa. Lakini kina chake hubadilika bila kukuarifu. Unatembea juu ya changarawe maji yakiwa mapajani, hatua mbili mbele unakuta ardhi haipo. Rangi yake mara nyingi ni ya kijani, na baada ya mvua huwa ya udongo. Mtoto akizama hata kwa futi tatu humwoni. Siwezi kumshauri mtu mwenye watoto watatu wadogo na mtu mzima mmoja tu aende pale Jumamosi ya joto, ufukwe ukiwa umejaa na kila mtu akidhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Na mito hii yote haina waokoaji. Hakuna kijana wa filimbi aliyekaa juu ya kiti kirefu. Mlinzi ni ninyi.

South Llano hulishwa na chemchemi kama Frio, na siku nyingi maji yake yanaonyesha mpaka chini. Ndani ya hifadhi kuna kama maili mbili za mto, zenye sehemu za maji ya vifundoni zinazofuatana na vidimbwi vilivyotulia. Watu ni wachache kuliko Garner kwa mbali sana. Mama anayetaka kukaa kwenye kiti ndani ya maji, miguu ikipigwa na mkondo na mtoto akichezea changarawe mbele yake, atapata hapa anachokitaka. Kinachokosekana ni msisimko wa vijana: hakuna dansi, hakuna umati wa rika lao, na kijana wa miaka 16 anaweza kununa siku nzima.

Kuhusu jaketi niseme wazi, maana watu wetu wengi hununua yale maboya ya kupuliza ya mikononi wakadhani wamemaliza kazi. Hayo ni vitu vya kuchezea. Yanachomoka mkononi, yanatoboka, na yanampa mtoto ujasiri asioustahili. Nunua jaketi lenye muhuri wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu kwa mtoto mdogo, na ulipime kwa uzito wake na si kwa umri. Mvalishe, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Sheria ya Texas inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi akiwa ndani ya chombo cha majini cha chini ya futi 26 kikiwa safarini, na mtumbwi wa kukodi ni chombo. Mimi naongeza yangu: hata mtu mzima asiyejua kuogelea avae. Najua wazee wetu huona haya. Baba mmoja akivaa kwanza, wengine huvaa bila kubembelezwa.

Na mpange zamu. Mtu mmoja, jina lake limetajwa mbele ya wote, kazi yake ni kutazama maji kwa nusu saa: hachomi nyama, hashiki simu, hapigi picha. Nusu saa ikiisha anamkabidhi mwingine kwa mdomo. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Anakaa kimya, kichwa kikiwa usawa wa maji. Watu ishirini wanaokula pilau ukingoni wanaweza wasimwone hata mmoja wao.

Mvua iliyonyesha mahali usipopaona

Hapa ndipo ulinganisho wa kweli ulipo, na ni jambo ambalo vipeperushi havilipi nafasi ya kutosha. Nchi hii ya vilima ni mawe ya chokaa yaliyofunikwa na udongo mwembamba. Hewa yenye unyevu ikitoka Ghuba ya Mexico inakutana na miinuko ya hapa, mvua kubwa inamwagika kwa saa chache, na ardhi haiwezi kuinywa. Maji yote yanakimbilia mabondeni kwa mara moja. Wataalamu wa hali ya hewa huliita eneo hili uchochoro wa mafuriko ya ghafla, na ni miongoni mwa sehemu hatari zaidi Marekani kwa mafuriko ya namna hiyo.

Alfajiri ya Julai 4, 2025, mto Guadalupe katika kaunti ya Kerr ulipanda kwa kiasi cha futi 26 ndani ya dakika 45. Watu zaidi ya 100 walikufa katika kaunti hiyo peke yake, wakiwemo watoto waliokuwa kambini. Walikuwa wamelala. Na haikuwa mara ya kwanza: Julai 1987, vijana 10 walikufa karibu na Comfort, kwenye mto huo huo, wakati basi lao la kambi liliponaswa na maji wakijaribu kuondoka.

Angalia ramani. Guadalupe huanzia kaunti ya Kerr, hupita Hunt, Kerrville na Comfort, ndipo ukafika kwenye hifadhi. Maana yake ni kwamba mvua iliyonyesha usiku huko juu inaweza kukufikia wewe saa kadhaa baadaye, jua likiwaka na anga likiwa safi, watoto wakiwa majini. Huwezi kuitegemea mbingu iliyo juu ya kichwa chako. Inakubidi uulize habari za mbingu za watu wa juu.

Frio na South Llano hazina usalama wa pekee katika hili. Oktoba 2018, South Llano ulipanda usiku ukasomba kambi ya magari ya kulala pale Junction na watu wakafa. Tofauti ni kwamba hifadhi za Garner na South Llano ziko karibu zaidi na vyanzo vya mito yao, kwa hiyo wingu linaloleta hatari mara nyingi utaliona au kulisikia ukiwa pale pale, ingawa muda wa kukimbia nao unakuwa mfupi. Guadalupe hukupa muda mrefu zaidi, ikiwa tu kuna mtu anayefuatilia taarifa.

Kufuatilia si kugumu. Shirika la Marekani la uchunguzi wa jiolojia, USGS, lina vipimo vya mito hii: kimoja Concan kwa Frio, kimoja karibu na Spring Branch kwa Guadalupe, na vingine karibu na Junction. Unafungua kwenye simu, unaona mchoro wa maji ya siku saba. Mstari ukiwa umelala, mto umetulia. Ukiona mstari umesimama wima, msiingie, hata kama watu wengine wako majini wanacheka. Kwa Guadalupe tazama pia kipimo cha Comfort, kilicho juu ya hifadhi. Hicho ndicho kinachokwambia kinachokuja.

Shida ni kwamba mtandao wa simu Garner ni wa kubahatisha, na sehemu za Guadalupe pia hupotea. Kwa hiyo beba redio ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali la hali ya hewa, yenye betri, ile inayojiwasha yenyewe onyo likitolewa. Haina gharama kubwa na inaamka wakati nyinyi mmelala. Mkifika, kabla hata ya kusimamisha hema, tembeeni na watoto hadi sehemu ya juu ambayo mtakimbilia, kwa miguu, gizani. Maji yakianza kubadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au mngurumo wa mto ukiongezeka, pandeni. Acheni hema, acheni deli la barafu, acheni gari. Inchi sita za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na futi moja inatosha kuliondoa gari dogo barabarani. Barabara nyingi za huku hukatiza vijito kwenye vivuko vya chini, na watu wengi wanaokufa kwa mafuriko Texas wanafia ndani ya magari yao.

Kama utabiri unaonyesha mvua kubwa wikendi yenu, ahirisheni. Kuna mtu atanuna. Mnunulie aiskrimu.

Mahali pa kulala

Garner ina kila aina: viwanja vya hema tupu, viwanja vyenye umeme na maji, vibanda vyenye nyavu za kuzuia mbu, na nyumba ndogo za mawe. Sehemu yake ya zamani ilijengwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, ule mpango wa ajira wa Rais Franklin D. Roosevelt wakati wa Mdororo Mkuu, na hifadhi ikafunguliwa mwaka 1941. Jina lake ni la John Nance Garner, mtu wa Uvalde aliyekuwa makamu wa Roosevelt. Kazi ya mikono ya vijana wale bado inaonekana: ukumbi wa mawe ya chokaa, ngazi, kuta ambazo hazijatikisika. Ni vizuri watoto wetu wajue pia kwamba wakati huo hifadhi nyingi za jimbo zilikuwa za Wazungu peke yao, na kwamba ilichukua mapambano na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndipo mlango ukawa wa kila mtu. Mimi hilo huwaambia wangu tukiwa tumekaa pale pale ukumbini.

Kwa familia inayolala nje kwa mara ya kwanza, kibanda chenye nyavu ni mwafaka kuliko hema. Kina paa, kina sakafu, mvua ikija hamloi, na bibi halali chini. Mahema yawe ya vijana nje yake. Ukichagua kiwanja, Pecan Grove na Oakmont ziko upande wa zamani karibu na ukumbi wa dansi: nzuri kwa vijana, mbaya kwa mwenye mtoto mchanga. Upande mpya wa hifadhi ni mtulivu zaidi.

Guadalupe River ina Turkey Sink kwa wanaotaka umeme na maji kiwanjani, na Wagon Ford kwa hema tupu, ambako unaacha gari na kubeba mizigo kwa miguu. Mwendo si mrefu, ila ukiwa na masufuria makubwa, makreti ya soda na magodoro ya upepo ya watu kumi, mara ya tatu unaanza kuuhesabu. Kiwanja kilicho juu, mbali na mto, baada ya yote niliyosema kuhusu mafuriko, ni sifa, kisionekane kasoro.

South Llano ina viwanja vya umeme chini ya miti na vichache vya hema vya kutembea kwa miguu. Kitu cha pekee hapa ni usiku. Tangu 2017 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kuwa eneo la anga lenye giza halisi, taa zake zimefunikwa zisimwagike juu, na usiku usio na mwezi Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, unatanda kutoka upande huu wa bonde hadi ule. Aliyekulia kijijini anaufahamu. Watoto waliozaliwa Houston hawajawahi kuuona. Kuna pia bata mzinga wa mwituni wanaolala kwenye miti ya mipekani kando ya mto, na kuanzia Oktoba hadi Machi sehemu yao hufungwa saa nyingi za siku wasisumbuliwe. Ukienda majira hayo uliza mapema njia ipi ya kuufikia mto iko wazi.

Kote kuna rakuni, wanyama wadogo wanaoiba chakula usiku. Chakula kisiachwe mezani wala ndani ya hema, kifungie garini. Kuna sisimizi wekundu wanaochoma kama moto, kuna mmea wa kutambaa wenye majani matatu matatu ambao unawasha ngozi kwa wiki nzima, na kuna nyoka wa sumu, hasa kwenye mawe na magogo ya karibu na maji. Viatu vya kuingia navyo mtoni ni lazima. Taa ya kichwani kwa kila mtu, hata mtoto, ya kwendea chooni usiku.

Fedha na nafasi

Kiingilio kwa siku kwa kila mtu wa miaka 13 na zaidi ni dola 8 Garner, dola 7 Guadalupe River na dola 5 South Llano. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi. Bei hizi hubadilika, zihakikishe. Kiwanja cha kulala kinalipiwa juu ya kiingilio. Kwa watu wazima sita kwa siku mbili Garner, kiingilio peke yake ni dola 96, kwa hiyo pasi ya mwaka ya hifadhi zote za Texas, ambayo imekuwa ikiuzwa dola 70, inakuwa imejilipa safari moja: inamfunika mwenye pasi na wote aliokuja nao katika gari lake. Kama mnakwenda kwa magari matatu, nunueni pasi tatu au mpande gari moja kubwa.

Kinachowaangusha wengi ni nafasi. Viwanja vinaweza kuwekwa hadi miezi mitano kabla, na pasi za mchana hadi siku 30 kabla, kwa tovuti au simu ya Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas. Garner ndiyo inayolaza wageni wengi kupita hifadhi zote za jimbo, na wikendi za kiangazi huisha mapema sana. Ukifika getini bila nafasi, Jumamosi ya Julai, unarudishwa. Kila kiwanja kina kikomo cha watu wanane. Familia zetu hazijui kuhesabu hadi nane zikaishia hapo, kwa hiyo wekeni viwanja viwili vya jirani siku ile ile, mtu mmoja akiwa mbele ya kompyuta na mwingine kwenye simu.

Mkiweza, nendeni katikati ya wiki, au mwishoni mwa Septemba shule zikiwa zimefunguliwa. Maji bado ni ya kuogelea, joto limepungua makali, na Garner inakuwa mahali pengine kabisa.

Muziki, moto na chungu

Garner ina dansi. Tangu miaka ya 1940, usiku wa kiangazi sanduku la muziki huwashwa kwenye ukumbi wa wazi, na wazee, vijana na watoto hucheza pamoja, wengi wakiwa na kofia na buti zao. Ni muziki wa Texas, hutasikia rhumba, lakini watu wetu wanaojua kucheza hukaribishwa kwa furaha, na sijaona mahali pazuri zaidi pa kumwonyesha mgeni kutoka nyumbani Texas yenyewe. Maegesho hujaa mapema. Walio nje ya hifadhi huweza kukuta geti limefungwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kulala humo humo.

Kwingine muziki wenu usitoke nje ya kiwanja chenu, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya kila hifadhi. Pombe hairuhusiwi hadharani katika hifadhi za jimbo la Texas. Hili liambieni kundi mapema, kabla mtu hajajaza deli.

Kuokota kuni hifadhini ni marufuku. Nunua pale au karibu na pale. Wakati wa ukame moto wa kuni na mara nyingine hata mkaa hupigwa marufuku, na hapo jiko la gesi ndilo litakalopika ugali. Beba jiko la gesi hata kama hakuna tangazo. Nyama iliyokwisha kulowekwa viungo igandishwe nyumbani ndani ya mifuko: inakuwa barafu ya deli siku ya kwanza na kitoweo siku ya pili. Mnaopenda samaki mtafurahi: kuvua ukiwa ndani ya hifadhi ya jimbo hakuhitaji leseni, ingawa idadi na ukubwa wa samaki wa kuchukua vina sheria zake.

Pedernales Falls, kwa watu wa Austin

Iko karibu na Johnson City na ni nzuri sana: maji yanateremka juu ya ngazi za mawe makubwa yaliyolala. Watu huiona pichani wakadhani ni mahali pa kuogelea. Kwenye maporomoko yenyewe kuogelea na kuingia majini ni marufuku, kwa sababu mto ule huweza kutoka kwenye kijito hadi gharika ndani ya dakika chache. Sehemu ya kuogelea iko chini zaidi, na kuifikia ni kushuka njia ya mawe yenye mwinuko, kisha kupanda tena mkiwa mmechoka. Mwenye kigari cha mtoto au magoti mabovu hafiki. Kuna king'ora cha mafuriko. Kikilia, tokeni mtoni hapo hapo mpande juu. Mimi ningewapeleka vijana peke yao, wenye miguu, na wote wanaojua kuogelea.

Kwa asiye na hema

Wapo wanaosita kwa sababu vifaa ni ghali na hakuna aliyewahi kuwafundisha. Idara ile ile ya Mbuga na Wanyamapori ina programu iitwayo Texas Outdoor Family: familia inalipa ada ya wastani, inakuta mahema na vyombo vya kupikia vinaisubiri hifadhini, na walinzi wa hifadhi wanaifundisha kusimamisha hema, kuwasha moto na kupika nje. Hufanyika katika hifadhi mbalimbali kwa zamu, zaidi majira ya kuchipua na ya kupukutika. Nafasi zake ni chache kuliko za Garner, kwa hiyo ratiba ikitoka tu jiandikisheni, na wakati wa kujiandikisha waelezeni kama kuna mtu kati yenu asiyejua kuogelea.